Waraka Usiosomwa Hauzibi Ufa

Zamani shughuli za Serikali zilikuwa ni jalada, mhuri na dirisha la karani. Leo sehemu kubwa ya shughuli hizo imehamia katika mtandao, na wananchi wanalijua hilo kwa kuwa wanaishi nalo. Mgeni anayekuja Zanzibar, tangu ilipoanza bima ya lazima ya safari tarehe 1 Oktoba 2024, huinunua bima hiyo kwa njia ya tovuti kabla hajaikanyaga ardhi yetu. Mzazi hutafuta matokeo ya mtihani wa mwanawe katika simu, na mwombaji wa kazi hupeleka vyeti vyake bila ya kupanda daladala. Kwa hivyo tovuti ya Serikali si tena tangazo la kupendezesha macho. Ni forodha, ni hazina na ni masjala. Na kila kinachoweza kuiangusha tovuti hiyo kinaweza kuliangusha pato la nchi pamoja na amana za watu.

Lipo jambo moja juu ya programu za kompyuta ambalo viongozi wengi wa ofisi hawajalizingatia ipasavyo. Nyumba ya mawe ikifungwa mlango kwa mwaka mmoja, mwenyewe akirudi ataikuta kama alivyoiacha, pengine na vumbi tu. Programu haiko hivyo. Programu iliyokuwa salama mwezi wa Januari yaweza kuwa wazi kwa wezi mwezi wa Machi, bila ya mtu yeyote kuigusa. Haikubadilika yenyewe, bali dunia iliyoizunguka ndiyo iliyobadilika: kumegunduliwa ufa uliokuwamo tangu zamani, au kifaa kilichokuwa kikiitegemeza kimekoma kutengenezwa. Habari za mabadiliko hayo hutolewa hadharani kila wiki. Anayezipata huziba ufa wake mapema, na asiyezipata hungojea mwizi amjulishe.

Hoja yetu leo ni nyepesi kuieleza na nzito kuitekeleza. Kila ofisi yenye tovuti au mfumo wa kompyuta haina budi kuwa na mtumishi aliyetajwa kwa cheo chake, ambaye kusoma majarida ya kitaalamu yanayotumwa kwa barua pepe ni sehemu ya kazi yake rasmi, na ambaye anayo mamlaka ya kutenda kwa alichokisoma. Bila ya mtu huyo, fedha zinazotumika kununulia mitambo ni sawa na maji yanayotiwa katika pakacha.

Majarida haya ni nini

Barua pepe ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Mhandisi wa Kimarekani, Ray Tomlinson, alituma barua ya kwanza ya mtandao kutoka kompyuta moja hadi nyingine mwaka 1971. Mwaka 1985 Peter G. Neumann alianza kuhariri RISKS Digest, mkusanyo wa habari za hatari zinazoletwa na kompyuta, uliosambazwa kwa wasomaji kwa njia hiyo hiyo ya barua. Mwaka 2010, nchini Uingereza, Peter Cooper alianzisha majarida ya wiki yaitwayo Ruby Weekly na JavaScript Weekly, kila moja likihusu lugha moja ya kuandikia programu. Baada yake yakazaliwa mengine mengi: ya watengenezaji wa tovuti, ya wasimamizi wa hifadhi za taarifa, na ya walinzi wa usalama wa mitandao.

Utaratibu wake ni rahisi. Mhariri husoma habari nyingi katika wiki, akachagua chache zenye maana, akaandika juu ya kila moja sentensi mbili tatu pamoja na anwani ya mahali ilipo habari kamili, kisha akamtumia kila aliyejiandikisha. Msomaji hahitaji kuzunguka duniani akitafuta. Kazi ya kupepeta imekwisha kufanywa na mtu anayejua pumba na mchele. Jarida moja halimchukui msomaji mzoefu zaidi ya robo saa.

Kwa watu wa visiwani, njia hii ina faida inayostahili kuelezwa waziwazi. Katika mambo mengi ya elimu na biashara, kuwa mbali na miji mikubwa ya dunia ni gharama: kitabu huchelewa, nauli ya mkutano huwa ghali, na mtaalamu mgeni hulipwa kwa siku. Katika jambo hili mambo yamekwenda kinyume. Jarida humfikia mtaalamu aliyeko London na fundi aliyeko Wete kwa wakati mmoja na kwa bei moja, na aghalabu bei hiyo ni bure. Tafauti baina yao haitokani na kupata habari. Inatokana na kile anachokifanya kila mmoja wao baada ya kuipata.

Tena barua ni nyepesi. Watu wa Unguja hawana haja ya kufundishwa maana ya kutegemea waya mmoja wa baharini: kisiwa kilikosa umeme wa gridi kwa kiasi cha mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa kiasi cha miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Katika mawasiliano nako, tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikadhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Mkutano wa video hufa katika hali hiyo. Barua ya maandishi matupu hupenya katika njia nyembamba, na ikishindwa kupita hungojea sandukuni mpaka njia ifunguke.

Faida nyingine ni kwamba barua pepe haina mwenyewe mmoja. Mwaka 2013 kampuni ya Google iliifunga huduma yake ya Google Reader, iliyokuwa ikitumiwa na watu wengi kukusanyia habari za tovuti mbalimbali mahali pamoja. Waliokuwa wakiitegemea walilazimika kuhama. Chombo cha kampuni moja hufungwa kwa uamuzi wa kampuni moja. Lakini sanduku la barua la ofisi ni mali ya ofisi, na yaliyomo ndani yake yanaweza kuhifadhiwa kama inavyohifadhiwa nyaraka nyingine yoyote ya Serikali.

Barua kwa watu mia nne

Atakayedhani kwamba kupokea habari ndiyo kazi yenyewe, na ausome mkasa wa kampuni ya Kimarekani iitwayo Equifax. Kazi yake ni kuweka kumbukumbu za mikopo na madeni ya watu, na kwa hivyo hushika majina, tarehe za kuzaliwa na namba za utambulisho za mamilioni ya raia. Katika moja ya mifumo yake ilitumia programu ya bure iitwayo Apache Struts.

Tarehe 7 Machi 2017 watunzaji wa Apache Struts walitangaza kwamba programu hiyo ina ufa mkubwa, na papo hapo wakatoa kiraka cha kuuzibia. Siku iliyofuata, idara ya usalama wa mitandao ya Serikali ya Marekani ikaituma tahadhari kwa kampuni hiyo. Tarehe 9 Machi watu wa usalama wa Equifax wakaipeleka tahadhari hiyo kwa barua pepe kwa watumishi zaidi ya 400, wakiagiza kwamba ufa uzibwe katika muda wa saa 48, kama ulivyokuwa utaratibu wa kampuni.

Mpaka hapo msomaji ataona kwamba kila kitu kimekwenda sawa: habari imetoka mapema, imefika mapema na imesambazwa mapema. Lakini uchunguzi uliofanywa baadaye ulionesha kwamba orodha ya kupokelea tahadhari hizo ilikuwa imepitwa na wakati, na wale khasa waliokuwa na dhamana ya mfumo wenye ufa hawakuipata. Mtambo wa kukagua ulipopitishwa haukuuona ufa huo. Mlango ukabaki wazi. Wezi waliutumia kuanzia tarehe 13 Mei, wakakaa ndani wakichota taarifa mpaka walipogunduliwa tarehe 29 Julai. Na walichelewa kugunduliwa kwa sababu nyingine ya aibu: kifaa kilichowekwa kukagua mawasiliano kilikuwa hakioni, kwa kuwa cheti chake cha usalama kilikuwa kimekwisha muda na hakuna aliyekihuisha. Siku kilipohuishwa ndiyo siku nyendo za wezi zilipoonekana.

Taarifa za watu wapatao milioni 147 zilikwishaibwa. Mtendaji mkuu, Richard Smith, aliondoka katika wadhifa wake mwezi wa Septemba mwaka ule ule, na mwezi wa Julai 2019 kampuni ilikubali kulipa si chini ya dola milioni 575 ili kuumaliza ugomvi huo na mamlaka za nchi yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu ulijengwa kwa gharama ambayo nchi ndogo isingeweza kuibeba.

Tumeueleza mkasa huu kwa urefu kwa sababu una sura ambayo kila mtumishi wa umma ataitambua. Barua iliyopelekwa kwa watu mia nne haikuwa na mwenyewe. Kila aliyeipokea aliweza kudhani kwamba mwenziwe ndiye aliyekusudiwa. Nasi katika ofisi zetu tunayo nyaraka inayopita meza hadi meza ikiwa na maneno "kwa taarifa yako", ikatiwa saini na kila mmoja, kisha ikarudi jaladani bila ya kutendewa kitu. Kuijua hatari na kuwajibika kwa hatari ni mambo mawili mbalimbali, na baina yake ndipo mwizi anapopita.

Habari za aina tatu

Mlalamiko unaosikika mara nyingi kwa vijana wa kitengo cha kompyuta ni kwamba majarida ni mengi mno, na kila moja linasema jambo jipya. Mlalamiko huo ni wa kweli, lakini dawa yake ni kuainisha. Habari zinazoletwa na majarida haya ni za aina tatu, na kila aina ina haki yake.

Aina ya kwanza ni habari ya hatari. Hii hutakiwa kutendewa kwa saa au kwa siku. Ufa wa Apache Struts ulikuwa wa aina hiyo, na ufa uliotangazwa mwezi wa Disemba 2021 katika Log4j ulikuwa wa aina hiyo pia. Log4j ni kijiprogramu cha kuandika kumbukumbu za mfumo, kinachotunzwa na watu wa kujitolea na kutiwa ndani ya programu nyingine zisizo na idadi. Kiraka chake kilipatikana upesi. Lililowataabisha wengi ni swali lililotangulia kiraka: je, na sisi tunacho, na kiko wapi? Ofisi isiyo na daftari la programu inazozitumia haiwezi kufaidika na tahadhari hata ikiisoma, kwa kuwa haijui kama inaambiwa yeye au inaambiwa jirani yake.

Aina ya pili ni habari ya ukomo. Hii haina haraka, na kwa ajili hiyo ndiyo inayosahauliwa zaidi. Mwezi wa Julai 2017 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba programu yake ya Flash ingefikia mwisho wake ilipomalizika mwaka 2020. Dunia ilipewa zaidi ya miaka mitatu. Hata hivyo, Flash ilipozimwa kabisa mwezi wa Januari 2021, Mamlaka ya Kodi ya Afrika Kusini ilikuwa bado inazo baadhi ya fomu za walipa kodi zilizoitegemea, na ikalazimika kutoa kivinjari chake maalumu ili wananchi waendelee kuzijaza. Hatusemi hayo kwa kuwacheka ndugu zetu, ambao taasisi yao ya kodi ni miongoni mwa zilizotangulia barani Afrika katika matumizi ya mtandao. Tunasema kwamba likimpata aliyetangulia, anayefuata na awe macho.

Katika fungu hilo la ukomo yako mambo yanayotuhusu hivi leo. Kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yenye programu hiyo itawaka kesho kama ilivyowaka jana, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Lakini bila ya kuandikishwa katika mpango wa muda wa kuongezewa huduma, haipati tena viraka. Mkuu wa ofisi anapaswa kujua anazo kompyuta ngapi za namna hiyo, na anayepanga bajeti anapaswa kulijua hilo kabla yake.

La pili ni vyeti vya usalama vya tovuti, vile vinavyokifanya kivinjari kiiamini tovuti badala ya kumtisha mgeni kwa onyo. Mwezi wa Aprili 2025, jumuiya ya watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari ilipitisha uamuzi wa kuufupisha umri wa vyeti hivyo kwa awamu. Kutoka ukomo wa siku 398, uamuzi huo unaufanya ukomo kuwa siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia tarehe 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia tarehe 15 Machi 2029. Maana yake ni kwamba zama za kununua cheti mara moja kwa mwaka na kuandika tarehe ukutani zinakwisha. Kazi hiyo itabidi ifanywe na mashine yenyewe, na mashine hiyo ni lazima itayarishwe na mtu.

Kuna na mfano mwingine ndani ya mfano huo. Taasisi ya Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bila ya malipo kwa tovuti nyingi mno duniani, na kwa miaka kadhaa ilikuwa na desturi ya kuwapelekea wenye tovuti barua pepe ya kuwakumbusha kwamba cheti kinakaribia kwisha. Mwezi wa Januari 2025 ilitangaza kwamba itaiacha desturi hiyo, na tarehe 4 Juni 2025 ikaiacha. Ofisi iliyozoea kukumbushwa, na isiyosoma habari, inakaa ikiusubiri ukumbusho usiokuja. Kimya cha sanduku la barua si dalili ya usalama.

Aina ya tatu ni habari ya mitindo. Kila wiki kuna chombo kipya cha kujengea tovuti, na kila chombo kina wanaokisifu. Hapana budi pia kukumbuka kwamba mengi ya majarida haya ni ya bure kwa sababu hulipiwa na matangazo ya biashara, na mwenye kulipia tangazo hana nia ya kumwambia msomaji kwamba alichonacho kinamtosha. Serikali si kijana wa mjini wa kubadili nguo kila sikukuu. Mfumo wa zamani unaotunzwa vizuri ni bora kuliko mfumo mpya usio na fundi. Habari za mitindo na zisomwe kwa ajili ya elimu, zihifadhiwe, na zingoje siku ambayo haja ya kweli itatokea.

Mlango wa mdanganyifu

Ingekuwa ni upungufu kuisifu barua pepe bila ya kutaja kwamba ndiyo njia inayopendwa na wadanganyifu. Mwezi wa Septemba 2025 mmoja wa watunzaji wa programu zinazohifadhiwa katika ghala la npm, linalotumiwa na watengenezaji wa tovuti duniani kote, alipokea barua iliyojifanya kutoka kwa wasimamizi wa ghala hilo. Ilimtaka ahuishe namna ya kujitambulisha kwake, na anwani yake ilifanana na ya kweli isipokuwa mwishoni. Aliifuata. Kwa muda mfupi wezi wakatia sumu katika programu zipatazo 18, ambazo kwa jumla zilikuwa zikipakuliwa zaidi ya mara bilioni mbili kwa wiki. Sumu hiyo iligunduliwa upesi na kuondolewa, lakini onyo limebaki.

Basi kanuni ni kwamba jarida hutumika kujulisha tu. Msomaji akisoma humo kwamba kiraka kimetoka, asikichukue kiraka kwa kubonyeza kiungo kilichomo ndani ya barua. Na aende mwenyewe katika anwani rasmi ya mtengenezaji, au aangalie tahadhari za kitengo cha taifa cha usalama wa mitandao, TZ-CERT, kilichomo ndani ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Barua yoyote inayomharakisha mtu na kumwomba neno lake la siri ihesabiwe kuwa ni ya adui mpaka ithibitike vinginevyo.

Habari kwa lugha ya watu

Majarida haya, karibu yote, yameandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi. Mtaalamu aliyesoma chuo kikuu atayaelewa. Lakini anayetoa idhini ya fedha, anayesimamia utumishi na anayepanga mwaka wa bajeti si mtaalamu wa kompyuta, na hana wajibu wa kuwa mtaalamu. Ana wajibu wa kuelewa anachoombwa na sababu yake. Kama fundi hawezi kumweleza kwa lugha anayoifahamu, ombi litakataliwa, na aliyekataa hatakuwa na lawama.

Tunaona kwamba hapa pana kazi ya heshima kwa vijana wetu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume zinafundisha fani hizi. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lipo kwa ajili ya kuilea lugha. Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar ndiyo yenye dhamana ya mifumo ya Serikali. Wakikaa pamoja, hawashindwi kutoa karatasi moja kwa wiki, kwa Kiswahili fasaha, yenye sehemu tatu tulizozitaja: hatari za wiki, ukomo unaokuja, na mambo ya kujifunza. Karatasi hiyo ikipelekwa kwa barua pepe katika kila wizara, kila manispaa na kila halmashauri, kutoka Makunduchi hadi Micheweni, itamfikia na mwenye hoteli ndogo ya Nungwi anayepokea wageni kwa tovuti yake, na mwalimu wa skuli anayetunza kumbukumbu za wanafunzi katika kompyuta moja kuukuu.

Faida yake haitaishia katika usalama. Lugha hukua kwa kutumiwa kazini. Maneno kama kiraka, kivinjari na seva yamekubalika kwa sababu yalitumika. Kijana atakayelazimika kila wiki kuueleza ufa mpya kwa Kiswahili atakuwa anaijenga istilahi ya fani yake, na atakuwa anaielewa fani yenyewe zaidi kuliko mwenziwe anayeikariri.

Watasema wengine kwamba katika zama hizi za akili mnemba kazi ya kusoma na kufupisha ifanywe na mashine. Na iwasaidie, hatukatai. Mashine yaweza kufupisha majarida kumi kwa dakika moja. Lakini haijui seva ya ofisi iko chumba gani, hairuhusiwi kumwamsha mkurugenzi usiku, na haiitwi mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi kujibu taarifa za wagonjwa zimevujaje. Dhamana hubaki kwa binadamu aliyeapa kuibeba.

Yatupasayo

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matano, ambayo hayahitaji mkopo wala mshauri kutoka nje.

Kwanza, kila taasisi ya umma imtaje kwa maandishi mtumishi mwenye wajibu wa kusoma majarida ya kitaalamu, na amtaje msaidizi wake, ili likizo au maradhi yasiifunge kazi.

Pili, majarida yaandikishwe kwa anwani ya cheo na si ya mtu binafsi. Afisa akihamishwa kutoka Unguja kwenda Pemba, barua zibaki katika kiti na zimsubiri mrithi wake. Orodha za kupokelea tahadhari zikaguliwe kila robo mwaka, maana tumeona orodha mbovu ilimfikisha wapi mwenyewe.

Tatu, kila ofisi iwe na daftari la programu inazozitumia, toleo la kila moja, na tarehe ya ukomo wake. Daftari hilo likitunzwa hata katika karatasi, ni bora kuliko kumbukumbu ya kichwani mwa mtu mmoja.

Nne, mtumishi huyo apewe mamlaka ya kuziba ufa wa hatari bila ya kungojea kikao, kisha atoe taarifa. Mlinzi wa zamu anayeona moshi haombi idhini ya kupiga kengele.

Tano, wakuu wa taasisi waulize. Katika kikao cha wiki, swali moja tu linatosha: wiki hii tumesoma nini, na tumefanya nini? Swali linaloulizwa kila wiki hugeuka kuwa desturi, na desturi ndiyo inayolinda.

Wapo watakaoona kwamba jambo la kusoma barua ni dogo mno kuandikiwa safu nzima ya gazeti. Tunawajibu kwamba anayedharau mwiba mguu huota tende. Hazina ya Equifax haikuvunjwa kwa kukosa fedha, wala kwa kukosa wataalamu, wala kwa kukosa habari. Ilivunjwa kwa kukosa mtu mmoja mwenye jina, mwenye zamu na mwenye amri, wa kuisoma barua iliyokwisha kufika na kuitenda. Visiwa vyetu havina fedha za Equifax, lakini mtu wa namna hiyo tunaweza kumpata wiki hii hii. Na wakuu wa ofisi wamtaje.